Miaka 20 ya ndoa, siku mbili Lubumbashi

Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita tuliuliza swali moja jepesi: ni lini ulilala mara ya mwisho nje ya nyumba yako? Karibu wote walitaja mahali pawili tu, materniti na kilio. Mama mmoja peke yake alijibu tofauti: «Mimi nililala Lubumbashi na bwana wangu. Tulikuwa tunafurahia miaka 20 ya ndoa yetu.» Watu walicheka. Halafu kicheko kikaisha na maswali yakaanza. Franka mulitoa wapi? Watoto walibaki na nani? Na ndugu za bwana walisema nini?

Hayo ni maswali ya haki. Ndiyo maana tulikwenda kuwaona nyumbani kwao, hapa Likasi, komini ya Kikula, tukawaomba watueleze tangu mwanzo. Walikubali, ila waliomba tusiandike majina yao. Mama anauza samaki wakavu sokoni. Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma. Wana watoto watano. Nyumba yao haijaisha, jiko lao linavuja. Si matajiri, na ndiyo sababu habari yao inatufaa.

Kisanduku kwa mama, ufunguo kwa baba

Wazo lilitoka kwa mama. Siku moja alikunjua kabati akahesabu vitenge. «Kwa mwaka mmoja tulishona kitenge cha sherehe za watu wengine mara nne. Arusi ya huyu, ubatizo wa yule, jubile ya mwingine. Sisi, tangu arusi yetu, hatujafungua hata chupa moja ya Fanta kwa ajili ya ndoa yetu.»

Wote tunajua likelemba: kila mtu anatoa, mmoja anapokea, kesho ni zamu ya mwingine. Hawa wawili walifanya likelemba ya watu wawili. Kila siku ya Mungu, baada ya misa, kila mmoja alitia franka 5,000 katika kisanduku cha chuma ambacho baba alikichomelea mwenyewe. Kisanduku kilikaa kwa mama, ufunguo ukakaa kwa baba. Hakuna aliyeweza kukifungua bila mwenziwe. Kwa majuma 40 wakapata franka 400,000. Walikifungua mara moja tu kabla ya siku yake, mtoto aliposhikwa na malaria, na walichotoa walikirudisha.

Na jiko linalovuja? Tuliwauliza, kwa sababu tulijua ninyi pia mngeuliza. Baba alisema bati zina kisanduku chao. Mama akaongeza: «Tukingoja nyumba iishe ndipo tufurahi, tutazeeka tukingoja. Nyumba haiishi.»

Kabla ya kutoka waligawa franka zao kwenye karatasi, hivi:

Basi kwenda na kurudi, pamoja na taksi za mjini: 90,000.
Chumba, mikesha miwili: 120,000.
Chakula: 100,000.
Kutembelea mahali pa kuona: 20,000.
Zawadi: 30,000.
Akiba ya ajali au ugonjwa: 40,000.

Bei hizo ni za safari yao. Zinabadilika, kwa hiyo ulizeni kwanza. Lakini muangalie mstari wa mwisho: hata katika furaha walikumbuka ugonjwa. Na hakuna hata franka moja waliyokopa. Sherehe ya mkopo inaisha siku ya Mungu, lakini mwenye deni anagonga mlango siku ya kwanza asubuhi.

Watoto si mzigo wa binti mkubwa

Katika familia nyingi, wazazi wakitoka, binti mkubwa ndiye anageuka mama. Hawa walikataa. Binti yao ana miaka 16 na alikuwa anajitayarisha kwa mitihani. Mama alisema: «Yeye asilipe sherehe yetu kwa masomo yake.» Walimwomba mama mdogo wa watoto aje alale pale mikesha miwili. Walimwachia unga, makala, mafuta, samaki, franka za maji na inite za simu. Walimwachia pia karatasi yenye namba za simu za jirani, na jina la kituo cha afya. Mmoja wa watoto ana pumu. Dawa yake iliwekwa juu ya kabati, na mama mdogo alionyeshwa namna ya kuitumia, si kuelezwa tu.

«Yaya, hii mara tunaenda kuongea sisi wawili»

Kilichokuwa kigumu kuliko franka ni familia. Dada mkubwa wa bwana anakaa Lubumbashi, komini ya Katuba. Kulala hoteli katika mji ambamo ndugu ana nyumba, kwetu ni kama kumtukana. Baba alitaka wanyamaze, waende kimya na kurudi kimya. Mama alikataa: mji ni mkubwa lakini habari ina miguu. Akapiga simu mwenyewe.

Shangazi wa watoto alikasirika. «Mutalala hoteli kama wageni, na mimi niko hapa?»

Mama akamjibu: «Yaya, tukilala kwako tutapika pamoja na tutaongea mambo ya familia mpaka usiku, na ni vizuri. Lakini hii mara tunaenda kuongea sisi wawili. Siku ya Mungu tutakula kwako.»

Yaya hakujibu kitu. Siku mbili zikapita. Siku ya tatu akapiga simu yeye: «Hiyo siku ya Mungu, mutakula nini?»

Barabara na chumba

Toka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 120, barabara ya lami. Si mbali, lakini malori ya shaba na kobalti yanayoelekea mpaka wa Kasumbalesa yanaijaza, na ajali si chache. Waliondoka siku ya tano asubuhi ili wafike kungali mapema. Ushauri wao: usipande basi lililojaa kupita kiasi, wala usisafiri usiku ili kuokoa franka kidogo.

Walipofika, taabu ya kwanza iliwangoja. Nyumba ya wageni waliyoizungumzia kwa simu ilikuwa imempa mtu mwingine chumba chao, na kilichobaki kilikuwa na bei mara mbili. Baba alianza kupandisha sauti. Mama akamvuta shati: «Hatukuja kugombana.» Waliuliza parokia ya karibu, wakaelekezwa kwa watawa wanaopokea wageni. Chumba kidogo, shuka safi, maji katika ndoo, na umeme uliokatika saa mbili za usiku. Walilala vizuri kabisa.

Basi, wamama, tujifunze. Ukishapatana bei ya chumba, tuma sehemu ya malipo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na uhifadhi ule ujumbe. Asubuhi ya safari piga simu tena. Uwe pia na jina la mahali pa pili. Nyumba za wageni za mapadri na watawa mara nyingi ni salama na bei yake si kali. Na kama ni mwezi wa sita au wa saba, beba triko: usiku wa Lubumbashi wakati ule una baridi kali.

Mji waliojua bila kuuona

Wote wawili walikwisha kufika Lubumbashi mara nyingi. Baba alifuata vyuma na vijiti vya kuchomelea. Mama alifuata samaki, na mara moja alimfuata mgonjwa hospitalini. Baba alituambia: «Nilijua njia ya duka la vyuma na njia ya kurudi. Mji wenyewe nilikuwa sijauona.» Wangapi kati yetu tunajua mji mkubwa kwa njia ya soko na hospitali tu?

Jioni ile ya kwanza walitembea kwa miguu katikati ya mji, polepole, pale Posta na mbele ya kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lenye matofali mekundu. Walitazama lile bomba refu la moshi la kiwanda cha Gécamines na mlima mweusi wa masalio ya shaba unaolala kando yake. Mji ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville mpaka 1966. Ulizaliwa kwa ajili ya shaba, na babu zetu wengi waliletwa huku kwa kazi hiyo.

Siku ya posho asubuhi walikwenda kwenye Makumbusho ya Taifa. Humo waliona ile misalaba midogo ya shaba ambayo watu wa Katanga waliiyeyusha na kuitumia kama franka zamani, kabla ya wazungu kufika. Walinunua nayo vitu, na walitoa mahari nayo. Mama alisimama pale muda mrefu. Akamwuliza bwana wake: «Kama ingekuwa wakati ule, ungeleta misalaba mingapi kwetu?» Baba akasema: «Ile baba yako angetaka. Alikuwa mkali.» Wakacheka mpaka mlinzi akawageukia.

Halafu walikwenda kwenye bustani ya wanyama. Pale pana kituo cha J.A.C.K., kilichoanza mwaka 2006, ambacho kinalea sokwe wadogo walionyang'anywa watu waliowakamata porini na kuwauza. Mama yao anauawa, mtoto anauzwa. «Nilimtazama mmoja,» mama alisema, «anashika kidole cha mlezi kama mtoto wangu wa mwisho alivyokuwa anashika changu. Tangu siku ile, mtu akiniletea nyama ya porini bila kunieleza ni nyama gani, ninakataa.»

Jioni walikwenda Kamalondo, komini ya muziki na ya mpira, kula michopo. Pale ndipo nyumbani kwa TP Mazembe, na baba hakuweza kupita bila kusimulia vikombe vitano vya mabingwa wa Afrika: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mama akamkumbusha kwamba mwaka 2024 wasichana wa Mazembe nao walileta kombe la Afrika la wanawake. Baba akakiri: «Ni kweli, ni sita.»

Msichana alileta bukari, nyama ya mbuzi yenye vitunguu na pilipili, na maji ya kunawa. Walipomaliza, mama akasimama na kuanza kukusanya sahani. Alifanya bila kuwaza. Bwana wake akamshika mkono: «Kaa. Leo hautapika, hautaosha.» Alipotusimulia hapo, mama alinyamaza kidogo. Katika siku zote mbili, alisema, hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko mkufu wa malakite ambao bwana alimnunulia kwa mafundi wa mawe na shaba.

Neno lililosemwa gizani

Usiku ule umeme ulikatika tena. Hakuna mtoto aliyeita, hakuna jirani aliyebisha hodi. Mama akauliza swali ambalo alilibeba tangu mwaka uliopita, tangu aone mjane wa mtaa wake akitolewa nje ya nyumba pamoja na magodoro yake, hata siku 40 za kilio hazijaisha.

«Baba, ukikufa mbele yangu, mimi nitakuwa nani katika ile nyumba?»

Kwetu swali kama hilo linafanana na kumtakia mtu kifo. Nyumbani mama asingethubutu. Baba alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema: «Hata mimi sijui. Tutafute kujua.»

Mahari yalitolewa, padri alibariki, lakini katika miaka 20 hawakuandikisha ndoa yao komini. Tunajua katika kikundi chetu si wao peke yao. Basi tuseme wazi sheria inavyosema.

Sheria ya familia ya nchi yetu ni ya tarehe 1 mwezi wa 8, 1987, na ilirekebishwa tarehe 15 mwezi wa 7, 2016. Inatambua ndoa iliyofungwa kwa mila kati ya familia mbili, lakini inataka ndoa hiyo iandikishwe komini, kwa ofisa wa hali ya raia. Karatasi ya ndoa ndiyo inayoshuhudia kwamba wewe ni bibi wa mtu, siku ambayo yeye mwenyewe hawezi tena kusema. Bwana akifa, warithi wa kwanza ni watoto wake. Mjane yuko katika kundi la pili, pamoja na wazazi wa marehemu na ndugu zake. Lakini sheria inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokaa pamoja na kutumia vyombo vyake. Ndugu wa bwana hawana ruhusa ya kumtupa nje. Haki hiyo ni ya mwanaume mjane vilevile.

Na jambo jingine: zamani bibi alihitaji ruhusa ya bwana ili afanye mapatano mbele ya sheria. Tangu marekebisho ya 2016, bibi na bwana wanatakiwa kupatana wote wawili kwa mapatano yanayowafunga. Ni kama kile kisanduku na ufunguo wake.

Meza ya Katuba

Siku ya Mungu, baada ya misa, walikwenda Katuba na sabuni, sukari na kitenge cha yaya. Yaya alikuwa amepika samaki, sombe na lengalenga, na alikuwa amewaalika majirani wawili waje kuwaona «hawa vijana wangu wa hoteli». Baada ya chakula, baba alimweleza dada yake mambo ya karatasi. Alieleza yeye, wala hakumwachia mama. Mama anasema alikuwa anatazama chini, akiogopa. Yaya aliuliza swali moja tu: «Wanataka mashahidi?» Wakamjibu ndiyo. «Basi mimi nitakuja.»

Na alikuja. Majuma sita baadaye alipanda basi toka Lubumbashi, akasimama komini pamoja nao na akatia sahihi. Wamama, mjane anapofukuzwa, mara nyingi wa kwanza kushika mlango ni dada wa bwana. Huyu amekwisha kuandika jina lake upande wa shemeji yake, kaka yake angali mzima.

Walifika Likasi jua halijazama. Kisanduku kilibaki na franka 22,000, kwa sababu akiba ya ugonjwa haikuguswa yote. Watoto walikuwa salama. Sufuria moja iliungua.

Si lazima Lubumbashi

Kuna mama atakayesoma habari hii na kusema: majuma 40 ya franka 10,000, sisi hatuwezi. Tunajua. Wengine wanaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni, mpaka ziwa Tshangalele, na chakula walichopika nyumbani jana yake. Wengine wanaweza kutembea saa mbili tu, wakanunua mahindi ya kuchoma, simu zikiwa zimezimwa. La lazima ni kwamba bibi na bwana wawe peke yao, na kwamba siku hiyo mama asifanye kazi.

Tuseme pia hili: safari haiponyeshi nyumba yenye ngumi. Kama bwana anakupiga, usitumaini kwamba chumba cha hoteli kitambadili, na usikubali kwenda naye mbali na watu wanaokujua. Njoo kwanza uwaone wamama washauri wa kikundi. Mlango wao uko wazi, na siri inakaa siri.

Baada ya kusikia habari hii, kamati imepanga mambo mawili. La kwanza ni zamu ya kulinda watoto: mama mwenye sherehe ya ndoa yake ataacha watoto wake kwa mwenziwe wa kikundi mkesha mmoja au miwili, na siku yake mwenziwe ataacha wake. Andikisheni majina kwa mama katibu siku ya nne, pamoja na tarehe ya ndoa yenu. La pili ni safari ya komini. Wote ambao hawajaandikisha ndoa wajitaje, ili kamati iulize mara moja karatasi zinazotakiwa, malipo na idadi ya mashahidi, tusipotezwe muda mmoja mmoja. Wababa wanaalikwa. Tutakutana saa tatu za asubuhi, na safari hii chai itapikwa na vijana.